Jinsi nilivyoiandaa injini yangu kuhimili shinikizo la tabo

Injini niliyoanza nayo ilikuwa ya petroli, yenye silinda 4 na ujazo wa lita 2, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86, na ilitengenezwa ivute hewa yenyewe bila msaada wa tabo wala supachaja, vifaa vinavyoisukumia injini hewa ya ziada, tabo ikizungushwa na moshi wa injini yenyewe. Ilikuwa ikitoa nguvu farasi 150 hivi. Nilitaka itoe 300, na nilitaka iendelee kuzitoa kwa miaka mingi bila kufunguliwa. Sharti hilo la pili ndilo lililoamua karibu kila kipuri nilichonunua na kila kipimo nilichochukua.

Hewa inayotuzunguka ina shinikizo la takriban baa 1. Tabo ikiongeza baa 1 nyingine juu ya hiyo, silinda hupokea hewa inayokaribia maradufu, petroli huongezwa kwa kiasi hichohicho, na nguvu hupanda kwa kadiri hiyo. Ugumu ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata joto. Hewa ya nyuzi joto 20 ikipelekwa kwenye shinikizo maradufu na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70 hutoka ikiwa na nyuzi 110 hivi, kabla haijaingia kwenye silinda ambako pistoni itaishindilia tena. Kwa sababu hiyo nilianza mipango yangu kwenye joto, na chuma kikafuata.

Adui mkubwa wa injini ya namna hii ni kugonga. Katika hali ya kawaida cheche ya plagi huwasha mchanganyiko na mwali husambaa kwa utaratibu kuelekea kuta za silinda. Joto na shinikizo vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni hujiwasha wenyewe wote kwa mpigo mmoja kabla mwali haujaufikia. Mawimbi ya shinikizo hupiga pistoni na kuondoa utando mwembamba wa gesi tulivu unaoikinga na joto la mwako. Matokeo yake yanafahamika kwa kila fundi aliyewahi kufungua injini iliyokufa hivyo: kingo za pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili, pete za chuma zinazoziba gesi, zimemeguka, gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) imepasuka, na metali (beringi) za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, zimepondeka. Watu wengi huamini kwamba pistoni za kufuliwa, yaani zilizoundwa kwa kubana metali kwa nguvu badala ya kuiyeyusha na kuimimina, ni tiba ya jambo hili. Hazizuii kugonga hata kidogo, zinaongeza tu muda ambao injini itavumilia kabla haijavunjika, na muda huo hauna thamani kama kiini cha kugonga hakijaondolewa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupunguza kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni huushindilia mchanganyiko. Injini ilikuwa na uwiano wa 11 kwa 1, ambao kwa baa 1 ya tabo na petroli ya kawaida ungeniachia nafasi ndogo mno ya usalama, kwa hiyo nilichagua 9 kwa 1. Kila silinda ilikuwa na chumba cha mwako cha sentimita za ujazo 50 hivi, na kufikia uwiano mpya nilihitaji 62. Wapo wanaopata nafasi hiyo kwa kuweka gasketi nene, njia rahisi ambayo siipendekezi, kwa kuwa huongeza umbali kati ya uso wa pistoni na sehemu bapa ya silinda hedi. Umbali huo ukibaki karibu na milimita 1, pistoni ikifika juu huubana mchanganyiko wa pembeni na kuurusha katikati, mwako ukawa wa haraka na pembe zikabaki baridi. Ukiupanua, unashusha kompresheni lakini unaalika kugonga kulekule ulikotaka kukukimbia. Nilinunua pistoni zilizochimbwa bakuli usoni, na umbali ule nikauacha ulivyokuwa.

Pistoni zenyewe zilikuwa za kufuliwa kwa aloi ya 2618, ambayo ina silikoni kidogo sana, kwa hiyo huvumilia kupigwa bila kupasuka lakini hutanuka zaidi inapopata joto. Aloi ya 4032, yenye silikoni asilimia 12 hivi, hutanuka kidogo na ni tulivu zaidi injini ikiwa baridi. Kwa gari la matumizi ya kila siku lenye shinikizo dogo ningeichagua hiyo bila kusita. Kwa 2618 mtengenezaji alitaka nafasi ya milimita 0.09 kati ya pistoni na ukuta, na silinda zilichongwa bamba nene la chuma likiwa limefungwa juu ya bloku kwa torki (nguvu ya kukaza) ileile ya silinda hedi, ili ukuta uchongwe ukiwa katika umbo utakalokuwa nalo injini inapofanya kazi.

Kwenye ringi nilitumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na sijutii. Ringi ina pengo dogo pale ncha zake zinapokutana, na joto linapoongezeka ringi hurefuka na pengo hupungua. Katika injini ya tabo ringi ya juu hupata joto kali zaidi kuliko katika injini ya kawaida, hivyo pengo linalotosha bila tabo linaweza kufungika kabisa. Ncha zikishagusana ringi haina pa kwenda, hujikandamiza kwenye ukuta, huukwaruza, na mara nyingi huvunja kingo ya pistoni. Kwa kipenyo cha milimita 86 niliweka pengo la milimita 0.50 kwenye ringi ya juu na 0.55 kwenye ya pili. Ya pili niliipa zaidi ili gesi inayopenya ya kwanza isinaswe katikati na kuinyanyua ringi ya juu kutoka kwenye kitako chake. Kila ringi nilipimia ndani ya silinda yake, nikiisukuma kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, na nilisaga kidogo kidogo kwa sababu pengo likishazidi haliwezi kurudishwa. Pengo kubwa kidogo hupoteza nguvu isiyohisiwa, dogo kidogo huua injini, na kwa hiyo palipokuwa na shaka nilielekea kwenye kubwa.

Konrodi nilibadilisha zote na kuweka za chuma cha 4340 kilichofuliwa. Shinikizo la tabo huikandamiza konrodi, na chuma huvumilia kukandamizwa vizuri. Kinachoivuta na kuikata ni kasi, hasa pistoni inapofika juu mwishoni mwa mwendo wa kutoa moshi bila gesi ya kuizuia. Mvuto huo hukua kwa mraba wa kasi: kutoka mizunguko 6,500 hadi 7,500 kwa dakika ongezeko ni theluthi nzima. Tabo ilikwisha kunipa nguvu niliyoitaka, kwa hiyo niliacha kikomo cha mizunguko kilivyokuwa, uamuzi uliolinda injini kwa gharama ya sifuri. Bolti za konrodi nilizikaza kwa kupima kurefuka kwake, kwa maana torki huathiriwa sana na mafuta yaliyopakwa kwenye nyuzi za bolti.

Silinda hedi ilifungwa kwa stadi (vyuma vyenye nyuzi ncha zote mbili, vinavyokazwa kwa nati) badala ya bolti za kiwanda, na gasketi ya tabaka kadhaa za chuma, ambayo hudai nyuso laini na zilizonyooka kabisa. Metali mpya za krankshafti zilipimwa kwa maikromita na kuachiwa nafasi ya milimita 0.05.

Petroli nayo ilifanyiwa hesabu. Injini ya tabo hutumia takriban gramu 270 kwa kila nguvu farasi kwa saa. Kwa nguvu 300 kila nozeli (kifaa kinachopuliza petroli) kati ya 4 ilipaswa kutoa sentimita za ujazo 460 hivi kwa dakika. Niliweka za 600 ili zisifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, pamoja na pampu kubwa na regyuleta (kidhibiti shinikizo la petroli) inayopokea shinikizo la manifoldi, njia ya hewa kuingia kwenye silinda, kwa sababu petroli inayosukumwa kwa baa 3 dhidi ya hewa ya baa 1 ya ziada hubakiwa na baa 2 tu usipoiongezea. Intakula, kifaa kinachopoza hewa inayotoka kwenye tabo, ilikaa mbele ya radieta. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo lilikuwa pana na lenye mteremko, likiingia juu ya usawa wa oili ya sampu (chombo cha oili chini ya injini), maana oili hurudi kwa uzito wake yenyewe na ikizuiwa hutokea kwenye sili za tabo kama moshi wa bluu.

Kwa wanaofikiria supachaja, kazi ya ndani ya injini ni ileile. Tofauti ni kwamba supachaja huchukua nguvu kwenye krankshafti kwa mkanda na kutoa shinikizo mapema, hivyo mzigo huanza kwenye mizunguko ya chini, ambako mwako una muda mrefu zaidi wa kugonga.

Baada ya injini kuzoeshwa kwa mzigo wa kupanda na kushuka na oili kubadilishwa, ndipo kompyuta ilipopangwa. Tulianza na springi ya baa 0.5 ya westigeti (vali inayopitisha moshi pembeni ya tabo ili shinikizo lisizidi), mchanganyiko wa uwiano wa hewa 11.5 kwa petroli 1 chini ya mzigo, na cheche iliyorudishwa nyuma, yaani kucheleweshwa, takriban nyuzi 1 ya mzunguko wa krankshafti kwa kila psi 1 (baa 0.07 hivi) ya shinikizo, kisha tukasogeza mbele kidogo kidogo huku tukisikiliza bloku kwa vipokea sauti. Cheche ikirudishwa nyuma kupita kiasi, joto huhamia kwenye moshi na kuiunguza tabo, kwa hiyo hata huko kuna mpaka. Plagi zilikuwa za baridi zaidi, yaani zinazopoteza joto haraka, pengo milimita 0.7. Kompyuta hukata petroli shinikizo likipita baa 1.2, na hukata pia mchanganyiko ukikosa petroli ya kutosha. Hadi sasa, kila ninapobadilisha oili hukata kichujio na kukikunjua mwangani kutafuta chembe za metali, na hutoa plagi kuangalia kama kaure yake ina vidoa vya alumini ya pistoni, ambavyo huonekana kabla sikio halijasikia kitu.