Nilivyopata ruzuku ya mchoro wa ukutani

Maombi yangu ya kwanza yalikataliwa kwa barua ya sentensi mbili. Nilitaka kuchora ukuta wa maktaba pamoja na wakazi wa jirani, na katika kurasa 6 nilirudia kwamba jamii itashirikishwa. Niliumia sana. Baada ya wiki moja nikamwandikia mfadhili kuomba maoni ya jopo lililosoma maombi. Ukiomba kwa adabu, baadhi ya wafadhili hujibu.

Jibu lake lilikuwa la haki. Bajeti yangu ilikuwa na rangi, kukodi jukwaa la kupandia ukutani, ujira wangu na usafiri wangu. Wakazi niliowataja kila ukurasa hawakutengewa hata senti.

Nikarudi maktaba bila mchoro mkononi, nikakaa nao tu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mikutano yako ni siku za kazi. Kibarua tutakachokosa atakifidia nani?" Mama aliyekuja kumchukua mwanawe akataka kujua nani atautunza ukuta jua likishaubabua. Sikuwa na majibu, na maswali hayo mawili ndiyo yaliyoandika upya maombi yangu.

Safari hii niliweka posho kwa washiriki 12, nauli zao, mtu wa kuangalia watoto wakati wa mikutano, vanishi ya kukinga rangi, fedha za marekebisho ya miaka 2, na asilimia 5 ya dharura. Chumba tulichopewa bure na maktaba nilikithaminisha nikakiandika kama mchango usio wa fedha. Ujira wangu sikuupunguza. Wasanii wengi hujipunguzia ujira wenyewe ili waonekane nafuu, na mimi naona ni kosa: anayesoma bajeti hiyo huona kazi ambayo haitafika mwisho. Nilichopunguza ni ukuta. Tukabaki na upande wa mlangoni peke yake.

Kwa kuwa sijasajili kikundi, chama cha vijana kilichosajiliwa kilikubali kupokea fedha kwa niaba yangu kwa mkataba wa maandishi, kikibaki na asilimia ndogo ya kuendeshea hesabu.

Tukapata. Fedha zilikuja kwa awamu mbili, ya pili baada ya ripoti ya mwisho, kwa hiyo posho na rangi nilizilipa zote kwa awamu ya kwanza, na sehemu kubwa ya ujira wangu ikasubiri. Risiti na daftari la mahudhurio nilianza kuvitunza tangu mkutano wa kwanza, na ripoti ikanichukua siku 2 tu. Picha za washiriki tulizipeleka kwa ridhaa yao. Wawili walikataa, zao hazikutumwa.

Makopo ya rangi ya marekebisho yamo stoo ya maktaba. Funguo anazo yule mama.