Nilivyofundisha gharama za duara chini ya mikorosho

Ninafundisha Hisabati katika shule ya msingi wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, na kwa muda mrefu jambo lililowasumbua zaidi wanafunzi wangu wa Darasa la Saba halikuwa kutafuta mzingo wala eneo la duara, bali maswali ya maneno yanayounganisha vipimo hivyo na fedha. Kanuni zote mbili walikuwa wamezikariri vizuri: pai mara kipenyo kwa mzingo, na pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo kwa eneo. Hata hivyo, swali lilipotaja bei ya uzio au malipo ya palizi, wengi walichagua kanuni kwa kubahatisha, kisha wakazidisha walichokipata kwa kiasi chochote cha shilingi walichokiona.

Nilipoyapitia madaftari yao niligundua kwamba wote walianza na duara na kuiacha bei mpaka mwisho, nami nikaamua kuugeuza mpangilio huo. Katika vipindi vya mwanzo sikuchora duara lolote. Niliandika ubaoni viwango peke yake, kama vile shilingi 3,000 kwa kila mita, shilingi 10 kwa kila mita ya mraba na shilingi 500 kwa kila kilomita, nikawauliza mnunuzi analipia nini hasa. Bei inapotajwa kwa mita, kinacholipiwa ni urefu, na urefu wa kulizunguka duara ni mzingo. Inapotajwa kwa mita ya mraba, kinacholipiwa ni eneo. Haukupita muda mrefu wakaanza kuulizana wenyewe, "Hii ni ya ukingoni au ya ndani?", na swali hilo nikalifanya kuwa hatua ya kwanza ya kila hesabu, kabla ya kalamu kugusa daftari.

Baada ya hapo tulitoka nje. Huku kwetu kila mtoto anajua kwamba chini ya mkorosho panapaswa kuwa safi kabla ya msimu, kwa sababu korosho huanguka zenyewe na kuokotwa ardhini, na penye majani, korosho nyingi hupotea. Palizi kwa kawaida hukubaliwa kwa ekari, kwa hiyo tulianza kwa kukibadili kiwango: ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047, na kama malipo ya ekari ni shilingi 40,000, hiyo inakaribia shilingi 10 kwa kila mita ya mraba. Tulichukua kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita moja na kupima kutoka kwenye shina hadi mwisho wa matawi. Niliwaelekeza wafuate matawi yaliyo juu yao, wala si kivuli, kwa kuwa kivuli huhama na jua. Kwa kuwa hakuna mti unaotanda kwa duara kamili, walipima pande kadhaa na kutafuta wastani.

Mkorosho mdogo ulitupatia nusukipenyo cha karibu mita 3.5, na mkubwa karibu mita 7. Kabla ya kukokotoa, niliwataka wakisie gharama ya kupalilia chini ya ule mkubwa, na karibu darasa zima lilisema itakuwa mara mbili. Kwa kutumia pai ya 22/7, mti mdogo ulikuwa na eneo la mita za mraba 38.5, yaani shilingi 385, na mkubwa mita za mraba 154, yaani shilingi 1,540. Ni mara nne. Mzingo nao ulitoka mita 22 hadi mita 44, mara mbili tu. Nililitengea jambo hili kipindi kizima na sijutii, kwa sababu mkulima anayekadiria kibarua kwa kuangalia upana wa mti peke yake anaweza kumpunja mtu ujira wake bila kukusudia. Tulirudi darasani tukachora maduara hayo kwenye karatasi ya miraba, kila mwanafunzi akahesabu miraba kwa kidole chake mpaka akaridhika.

Uzio ulileta jambo jingine ambalo kanuni pekee hailioneshi. Kitalu cha miche cha duara chenye kipenyo cha mita 14 kina mzingo wa mita 44, na kwa shilingi 3,000 kwa mita gharama ni shilingi 132,000. Lakini ikiwa duka linauza wavu kwa roli zima la mita 30, mita 44 kugawanya kwa 30 ni takriban 1.47, na mwanafunzi aliyezoea kukadiria kwa namba nzima iliyo karibu ataandika roli moja, kisha miche italiwa na mbuzi. Hapa lazima kupanda hadi roli mbili, na gharama huhesabiwa kwa mita 60 hata kama 16 zitabaki.

Maswali ya gurudumu niliyapitia haraka. Gurudumu la baiskeli lenye kipenyo cha sentimita 70 husonga sentimita 220 kwa kila mzunguko, hivyo mizunguko 2,000 ni kilomita 4.4, na kwa shilingi 500 kwa kilomita nauli ni shilingi 2,200.

Sehemu ambayo bado inahitaji subira ni njia inayozunguka duara. Tukikizungushia kitalu kile njia ya changarawe yenye upana wa mita 1, wapo wanaotafuta eneo la duara lenye nusukipenyo cha mita 1, wakidhani upana wa njia ndio nusukipenyo. Ninawataka kwanza watembee juu ya njia hiyo uwanjani, kisha watafute eneo la duara la nje lenye nusukipenyo cha mita 8, ambalo kwa pai ya 3.14 ni mita za mraba 200.96, na kutoa la ndani, 153.86. Hubaki mita za mraba 47.1, na kwa shilingi 2,000 kwa kila mita ya mraba changarawe itagharimu shilingi 94,200. Sasa ninawaachia watunge maswali ya aina hiyo wao wenyewe, kwa sharti moja: bei iandikwe pamoja na kipimo chake.