Nilivyoivizia seva ya mjomba iliyokuwa ikilala kila saa nane mchana

Mjomba wangu anauza vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga: saruji, mabati, nondo, rangi na misumari. Nyuma ya duka, kwenye kachumba kaliko ukuta mmoja na stoo ya saruji, ipo kompyuta moja yenye prosesa ya Core i5-4590 na diski ya kuzunguka ya terabaiti 1. Inaendesha mfumo wa Linux na ndiyo seva iliyobeba hifadhidata ya mauzo yote. Mashine tano za kaunta zinaitegemea. Mwaka juzi kaskazi ilipoingia, kila siku ikifika saa nane mchana kaunta zote zinaganda. Mteja ameshalipa, risiti haitoki, foleni imefika barazani.

"Mjomba, mashine imelala tena," ananipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Nakuja."

Nami nikitoka Chumbageni na kufika dukani, nakuta imeshaamka.

Mafundi wawili walinitangulia. Wa kwanza alishauri RAM iongezwe. Ikaongezwa kutoka gigabaiti 8 hadi 16, hali ikabaki ileile. Wa pili aliiuliza diski afya yake, ikamjibu PASSED, akasema basi mashine imezeeka, inunuliwe nyingine. Mjomba alikuwa ameshaanza kutenga hela. Nikamwomba anipe wiki mbili.

Siku moja niliwahi, nikakaa mbele ya skrini tangu saa saba na nusu. Nilipofungua top, programu inayoonyesha mashine inafanya nini, mzigo, yaani idadi ya kazi zilizo kwenye foleni, ulisoma 9.4. Kwa mashine yenye kori nne hiyo ni namba kubwa, na kwa haraka ungesema prosesa imeelemewa. Lakini mstari wa chini yake ulionyesha sehemu kubwa ya muda wa prosesa imekaa bure, na herufi "wa", yaani muda unaopotea kusubiri diski, imepanda. Linux inapohesabu mzigo haihesabu kazi zinazotaka prosesa tu, inahesabu pia zile zilizokwama zikisubiri diski. Kwa hiyo 9.4 ile ilikuwa na watu wa foleni mbili tofauti, na mimi sikuwa na njia ya kuwatenganisha. Nilichohitaji ni kitu cha kuandika habari za kila sehemu ya mashine mchana kutwa, mimi niwepo nisiwepo.

Nikachagua Prometheus. Ni programu huria iliyoanzia kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, na tangu 2016 iko chini ya mfuko uleule unaolea Kubernetes, programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja. Niliipendea jinsi kazi zilivyogawanywa. Kwenye seva unaweka programu ndogo inayoitwa node_exporter, ambayo yenyewe haihifadhi kitu. Inasoma tu namba ambazo Linux tayari imeziweka wazi kwenye folda za /proc na /sys, na kuzitoa kupitia mlango wa mtandao namba 9100. Prometheus inakuja kuzichota kila baada ya muda uliopanga. Programu ya tatu, Grafana, inazichora kuwa grafu. Ukitaka kubadilisha kipande kimoja, vingine havishtuki.

Prometheus yenyewe sikuiweka kwenye seva. Niliiweka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, pembeni, ikiandika kwenye SSD (diski isiyozunguka) ya nje badala ya kadi ya kumbukumbu, ambayo kuandikwa mfululizo kunaimaliza haraka. Mgonjwa asipewe kazi ya kujiandikia cheti. Seva ikizima ghafla, dakika zake za mwisho ziko salama kwa jirani.

Node_exporter nayo ndani yake ina moduli nyingi, moja ya prosesa, moja ya RAM, moja ya diski, moja ya mtandao, moja ya vihisi vya joto, na kadhalika. Siku ya kwanza niliwasha karibu zote, hata za vitu ambavyo mashine ile haina. Nikajikuta na mamia ya namba na ukurasa wa grafu usio na mwisho, na nikiangalia nisijue naangalia nini. Baada ya siku tatu nikafuta zote. Nikaandika kwenye karatasi maswali matatu: saa nane prosesa inafanya nini, diski inafanya nini, joto ni kiasi gani? Nikawasha moduli zinazojibu hayo tu. Pia nilikuwa nimeacha kipimo kichukuliwe kila dakika moja, nikakiteremsha hadi sekunde 15, kwa sababu mgando mwingine ulikuwa unapita kati ya kipimo na kipimo bila kuacha alama.

Jibu la kwanza lilikuja kesho yake. Vihisi vya joto Linux huvionyesha kwenye /sys/class/hwmon kwa sehemu za elfu moja za digrii, na saa nane kasoro robo niliona 97000, kisha 99000, kisha 100000. Nyuzi 100, ambazo kwa prosesa ile ndizo mwisho wa uvumilivu. Kipo kihesabio kinachoongezeka kila prosesa inapojipunguzia kasi kwa sababu ya joto; asubuhi kililala, mchana kikapanda kama ngazi. Kasi ikatoka gigahezi 3.3 ikashuka chini ya 2.

Nilipofungua kasha niliumia roho. Vumbi la saruji lilikuwa limeingia katikati ya mapezi ya kipoza joto, likashika unyevu wa pwani na kuganda. Halikuwa vumbi la kupuliza. Ilibidi nikitoe kipoza joto kizima, nikikwangue kwa mswaki, nifute pesti ya kupitisha joto ya zamani iliyokauka kama ukoko na kupaka mpya. Kijana wa stoo akaniletea chujio la kitambaa tukalifunga mbele ya feni, na mjomba akakubali mashine ihamishwe ukuta wa pili. Siku iliyofuata joto la juu kabisa lilikuwa nyuzi 71.

Saa nane ikafika. Kaunta zikaganda.

Kuganda kulikuwa kwa muda mfupi zaidi, lakini kulikuwepo, na mjomba aliniangalia bila kusema neno. Hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa na kila kipimo mahali pake. Grafu ya joto ilikuwa shwari, ya prosesa shwari, ya kusubiri diski imesimama wima kuanzia saa nane kamili. Kamili, si na dakika mbili. Mwanadamu hapangi foleni kwa usahihi huo. Nikafungua ratiba ya cron, inayoendesha amri zenyewe kwa saa zilizopangwa, nikakuta amri ya kunakili hifadhidata nzima kwenye folda nyingine ya diski ileile, iliyowekwa na fundi mmoja wa zamani. Nadhani alikusudia saa nane usiku akaandika 14 badala ya 2.

Niliihamishia usiku. Lakini kitu kimoja kilinisumbua: hifadhidata ile haikuwa kubwa kiasi cha kuchukua dakika zaidi ya ishirini kunakiliwa. Kwa hiyo nikaenda kwa diski yenyewe, na hapa ilinibidi nitengeneze moduli yangu.

Smartctl, programu inayosoma habari za ndani za diski, inataka mamlaka ya root, mtumiaji anayeruhusiwa kila kitu, na node_exporter haifai kupewa mamlaka hayo. Lakini node_exporter ina moduli iitwayo textfile, inayosoma faili lolote lenye mwisho wa .prom kwenye folda uliyoitajia. Nikaandika skripti fupi inayoendeshwa na root kila dakika tano: inaiuliza smartctl, inachomoa namba nne na kuziandika kwenye faili. Kuna jambo ambalo lilinigharimu jioni nzima. Usiandike moja kwa moja kwenye faili linalosomwa. Andika pembeni, ukimaliza libadilishe jina kwa amri ya mv, la sivyo siku moja litasomwa likiwa nusu.

Namba nilizozichukua ni 5, sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu zilizokwisha kuhamishwa. 197, sekta zinazoshukiwa na kusubiri uamuzi. 199, makosa ambayo mara nyingi ni ya kebo. Na 194, joto la diski. Kebo ilikuwa nzima. Lakini 197 ilianza na 8, baada ya siku nne ikawa 24, baada ya wiki 56. Na bado ukiiuliza diski afya yake kwa ujumla inajibu PASSED, kama ilivyomjibu yule fundi. Simlaumu. Jibu lile hubadilika pale tu kipimo kinapovuka mpaka aliouweka mtengenezaji, na diski nyingi hufa kabla ya kufika huko. Namba ya siku moja isingenishtua. Kilichonishtua ni kuiona inapanda.

Nilimpigia mjomba usiku uleule. Tukanunua SSD, tukahamisha hifadhidata Jumapili duka likiwa limefungwa. Faili mbili za zamani hazikusomeka kabisa. Kwa bahati zilikuwa kwenye nakala ya mwezi uliotangulia.

Baadaye niliunganisha tahadhari na Telegram. Usiku wa kwanza simu yangu ilipokea ujumbe zaidi ya arobaini, kwa kuwa niliambia kila mwendo wa prosesa juu ya asilimia 80 unijulishe. Sasa zimebaki tatu: joto likizidi nyuzi 85 kwa dakika tano, namba 197 ikizidi sifuri, nafasi ya diski ikipungua chini ya asilimia 10. Muda wa kutunza kumbukumbu nao, ambao bila kuugusa ni siku 15, niliuongeza hadi mwaka mmoja. Nimeshalinganisha Januari na Julai. Wakati wa kusi joto la juu liko chini kwa karibu nyuzi 9, na kwa kuwa kaskazi iliyofuata limekwenda juu kidogo kuliko lilivyokuwa siku ya usafi, najua pesti na chujio vinakaribia zamu yao.

Moduli ya mwisho niliiongeza mwezi uliopita kwa njia ileile ya skripti, inasoma volti kutoka UPS, betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika. Mchana volti zinashuka hadi 190 kila fundi wa mageti aliye jirani anapowasha mashine ya kuchomelea. Mjomba ameshaongea naye. Kesho fundi umeme anakuja kuwatenganishia laini.