Herufi A ilipokufa

Yule mama alikuja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa mkono pande zote mbili. Ulikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Mumewe alifariki, ndugu wakakaa, wakamteua yeye awe msimamizi wa mirathi, na Jumatatu alitakiwa mahakama ya mwanzo na muhtasari uliochapwa na kusainiwa. Ilikuwa Alhamisi saa kumi jioni. Nikamwambia, "Kaa hapo mama, dakika kumi tu."

Nikaanza kuchapa. Mimi sitazami vidole wala kioo, natazama karatasi ya mteja. Nilipoinua macho nikakuta mstari huu: *msimmizi w mirthi y mrehemu*.

Nikarudia nikibonyeza kwa nguvu. Ikatoka A moja, ikakataa tatu. Nikamaliza ule muhtasari kwa kuigonga A kama mtu anayepigilia msumari, nikautoa kwenye printa, nikausoma mara mbili nikiogopa hakimu asikutane na neno lenye pengo. Mama akaondoka salama. Mimi nikabaki naitazama mashine yangu.

Ni laptopu, ThinkPad T420, toleo la mwaka 2011. Niliinunua mwaka 2016 ikiwa imeshatumika, na ndiyo iliyofungua hii steshenari yangu hapa Morogoro. Barua za kazi, mikataba ya viwanja, mialiko ya harusi, ratiba za misiba, taarifa za vikoba, zote zimepita humo. Rangi ya A ilishafutika siku nyingi, ikabaki batani nyeusi inayong'aa kama kokoto ya mtoni. E na I zimefifia kidogo. Q, ukiiangalia, ni mpya kama ilivyotoka kiwandani.

Anayeandika Kiswahili siku nzima hashangai. Q na X hatuna kabisa, C tunaihitaji inapofuatana na H tu. Lakini A! Chukua neno *anasahaulika*: herufi kumi na mbili, tano ni A. Ziondoe, unabaki na *nshulik*. Vitenzi vyetu vya Kibantu kwa kawaida vinaishia na A, watu wengi wakitajwa wanaanza na *wa-*, na hata mnyambuliko mrefu namna gani lazima A ipite humo mara mbili tatu. Herufi nyingine ikifa unaweza kujikongoja. Hii ikifa, umenyamaza.

Na mzigo wote huo umeachiwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Niliposoma uhazili, kwenye mashine za chuma zile za kupiga kwa nguvu, mwalimu wetu alikuwa anapita nyuma yetu akigusa kidole hicho hicho cha kila mmoja kwa rula. "Hiki ndicho kitakachokulisha," alikuwa anasema. Huu mpangilio wa herufi za kibodi, unaoitwa QWERTY kwa herufi sita za kwanza za safu ya juu, ulitoka Marekani miaka ya 1870, ukatengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiingereza herufi yake kuu ni E. Sisi tumeurithi ulivyo, kidole dhaifu kikabeba herufi nzito kuliko zote.

Kesho yake asubuhi nikaipeleka kwa fundi mmoja wa hapa mjini. Hakuifungua. Aliiwasha, akabonyeza A mara nne, akasema bodi imeungua, nitafute nyingine, hii ni ya zamani. Sikukubali. Bodi iliyoungua haichagui herufi moja. Nikarudi dukani, nikaazima kibodi ya USB kwa jirani, nikaichomeka: A ikaandika vizuri kabisa. Basi ugonjwa haukuwa ndani ya kompyuta, ulikuwa kwenye kibodi yenyewe.

Usiku nikaing'oa ile batani. Nilizima mashine, nikachomoa betri, nikaingiza ukucha upande mmoja wa A nikainyanyua polepole hadi ikalia *tik*. Chini yake kuna vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyopishana kama miguu ya kitanda cha kamba, vimeshikana katikati, na ncha zake ni nyembamba kuliko jino la kitana. Ukizilazimisha zinakatika, ukishazikata batani haikai tena. Katikati kuna kikofia cha mpira kinachorudisha batani juu. Kuzunguka kile kikofia nikakuta vumbi jekundu, unywele mmoja, na utando wa kahawia uliokauka na kung'aa.

Chai. Nikakumbuka. Mwezi wa Ramadhani mjukuu wangu aligonga kikombe, nikafuta haraka na kanga, nikaona imekauka, nikaendelea na kazi. Kibodi za ThinkPad zina mifereji ya kupitisha maji yatokee chini, na siku ile kweli yalitokea chini. Lakini sukari haitoki na maji. Inabaki, inaganda, inavuta unyevu, halafu inaanza kula njia za umeme taratibu. Maji matupu yangenisamehe. Chai ya sukari ilisubiri miezi.

Nikasafisha kwa pamba na spiriti, nikapiga mswaki laini, nikaacha ikauke usiku kucha. A ikarudi. Siku mbili nilifurahi, siku ya tatu ikafa moja kwa moja.

Hapo ndipo nikapata akili ya Q. Kuna programu ndogo ya bure ya Windows inaitwa SharpKeys. Kazi yake ni kuiambia kompyuta: batani hii ikibonyezwa, ihesabu kuwa ni ile. Nikaiambia Q iwe A, nikawasha upya, nikabonyeza Q, ikatoka *a*. Mabadiliko yake yanaandikwa ndani kabisa ya Windows, kwa hiyo hata neno la siri wakati wa kuingia yanakubali, tena neno langu la siri lina A tatu. Nilicheka peke yangu dukani. Batani iliyokaa miaka yote hiyo bila kazi kwenye meza ya Mswahili, leo imepata kazi kuliko zote.

Kidole kilizoea kwa siku tatu hivi. Ni kukipandisha hatua moja tu. Shida ilikuja mara moja: kijana mmoja Mwiraqw wa kutoka Mbulu alikuja kuchapa wasifu wake, na jina lake linaanza na Q. Lugha yao inaitumia Q na X kila siku. Nikaitafuta Q kwenye nyaraka ya zamani, nikaikopi, nikaibandika kila palipohitajika. Alikuwa ananiangalia kwa makini jina lake lisije likaandikwa kwa K, na ni haki yake. Jina la mtu halibadilishwi kwa sababu kibodi ya mchapaji ni mbovu.

Wiki tatu nilifanya kazi hivyo. Kisha asubuhi moja Q ikafa, na Z ikafa nayo, na namba 1 pia.

Ndani ya kibodi ya laptopu kuna karatasi tatu nyembamba za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya katikati ina matundu. Ukibonyeza, juu inagusa chini kupitia tundu, na kompyuta inajua ni herufi gani kwa kuangalia njia ipi imekutana na ipi. Batani nyingi zinagawana njia moja. Ikifa herufi moja peke yake, tafuta uchafu au kikofia chini yake. Zikifa kwa kundi, njia imekatika, na hapo spiriti haina kazi tena. Hizi za kwangu 1, Q, A na Z zimesimama mstari mmoja kutoka juu kwenda chini. Sukari ilikuwa imefika kwenye mzizi wao.

Nikapanda treni ya SGR kwenda Dar, Kariakoo.

Duka la kwanza: hakuna kibodi ya T420. La pili: hakuna. La tatu, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, kaketi katikati ya rundo la laptopu zilizovuliwa nguo, akanisalimu vizuri.

"Shikamoo mama. Unatafuta nini?"

"Marahaba baba. Kibodi ya ThinkPad T420."

"Ya T420 sina. Lakini mama, si lazima iwe ya T420. T410, T510, T520, hata X220, kibodi ni moja. Ngoja."

Hili sikulijua, na kama nisingelisikia kwake ningerudi Morogoro mikono mitupu. Tangu hapo nimelihakikisha: zile ThinkPad alizonitajia, kubwa kwa ndogo, zinapokea kibodi ile ile. Ukienda dukani ukaulizia jina la mashine yako tu, utaambiwa hakuna, kumbe iko mbele yako imelala kwenye mzoga wa ndugu yake.

Akanitolea ya kwanza, imetoka kwenye T510 iliyokuja na mtumba wa Ujerumani. Y na Z zimebadilishana nafasi. Mimi ningeitumia bila tabu, maana kompyuta haisomi maandishi ya juu ya batani, inafuata mpangilio uliochagua kwenye Windows, na vidole vyangu navyo havisomi. Ila nina binti ananisaidia dukani, bado anachapa kwa kutazama, na *ya* na *za* kwa Kiswahili ndiyo mifupa ya sentensi. Angenichapia *kayi za mikono* siku nzima.

Ya pili ilikuwa ya Kifaransa. Nilipoiangalia moyo ukashtuka. Wafaransa wana mpangilio wa AZERTY, na kwao A iko pale pale penye Q yetu. Wiki tatu nilikuwa nachapa Kifaransa bila kujua! Nikaishika muda mrefu kuliko ilivyostahili. Lakini M nayo imehamia pembeni, namba zinataka Shift. Nikairudisha.

Ya tatu ilikuwa ya Uingereza, imetoka kwenye X220 iliyovunjika kioo. Enter yake ni kubwa, imepinda kona, Shift ya kushoto ni fupi, na juu ya 3 kuna alama ya pauni. Kijana akaichomeka kwenye mashine yake ya majaribio, nikaijaribu kila batani, moja moja, kisha nikachapa *anasahaulika* mara kumi bila kutazama. Mara kumi ikatoka kamili. Tulianzia elfu sitini, tukafika elfu arobaini na tano.

Aliniuliza kama anifungie. Nikamwambia namletea mashine wapi, nimeiacha nyumbani. "Basi utafunga mwenyewe, mama. Ni skrubu tu." Akanielekeza, na ilikuwa hivyo hivyo.

Nilizima, nikachomoa chaja na betri. Nikageuza mashine tumbo juu, nikafungua kifuniko cha memori, nikatafuta skrubu zenye alama ndogo ya kibodi pembeni yake. Watengenezaji wameziwekea alama ili mtu kama mimi asifungue zisizohusika, na kwa hilo nawashukuru. Nikazitoa kwa bisibisi ya nyota, nikaziweka kwenye kisahani cha kikombe. Nikaigeuza tena, nikafungua kioo, nikaweka viganja viwili juu ya kibodi nikaisukuma kuelekea kwenye kioo. Haikusogea. Nikasukuma kwa imani zaidi. Ikateleza kidogo tu, ukingo wa mbele ukachomoka chini ya fremu, nikauinua kama kifuniko cha sufuria.

Hapo usiivute. Chini yake kuna utepe mfupi umechomekwa kwenye bodi, na anayevuta kwa pupa anang'oa na soketi. Nikailaza kibodi upande, nikaushika mdomo wa plagi ya ule utepe kwa vidole viwili, nikainua wima. Mpya nikaichomeka hapo hapo, nikaibonyeza hadi nikaisikia imekaa, nikaingiza ukingo wa mbele kwanza, nikaivuta kuelekea kwangu, nikarudisha skrubu. Robo saa, na nusu yake ilikuwa woga.

Laptopu nyingi zinazouzwa sasa huwezi kuzifanyia hivi. Kibodi imebanwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, ukitaka kuibadili unabomoa mwili mzima au unanunua sehemu yote ya juu. Mwaka 2012 hata hizi ThinkPad zilibadilishiwa kibodi, zikapewa batani bapa zilizoachana na safu sita badala ya saba. Wapo wanaozipenda. Mimi nataka batani yenye bonde kidogo katikati, inayonipokea kidole na kunirudishia, maana nachapa kurasa thelathini kwa siku na jioni mkono unanieleza ukweli.

Kuna mambo mawili ya kurekebisha baada ya kufunga. La kwanza, ile amri ya SharpKeys lazima uifute, vinginevyo Q itaendelea kutoa A. La pili, kama umeweka kibodi ya Uingereza, chagua mpangilio wa Uingereza kwenye Windows, la sivyo @ itatoka penye alama za kunukuu na wateja wako barua pepe zao hazitafika.

Mtu wa kwanza kuchapiwa na kibodi mpya alikuwa yule mama wa mirathi. Alirudi, safari hii anataka nakala ya orodha ya mali: nyumba moja Kihonda, shamba ekari mbili, baiskeli, cherehani. Nikaweka karatasi yake mbele, nikaanza. Kidole kidogo cha kushoto kikapanda juu chenyewe, kwa mazoea ya wiki tatu, na kwenye kioo ikatokea *shqmbq*. Nikakishusha mahali pake, nikafuta, nikaandika upya.

Kibodi ya zamani sijaitupa. Iko kwenye droo, chini ya karatasi za printa. Njia zake za umeme zimekufa, lakini batani zenyewe za plastiki bado ni nzima, na siku M au N ya hii mpya ikilegea, najua pa kuichomoa.