Mlimba, kwenye kioo cha treni

Januari 1987 nilikuwa mwanafunzi Beijing, na mwaka mpya wa Kichina ulikuwa umekaribia. Bweni lilibaki tupu. Nikakata tiketi ya treni kwenda Guangzhou, zaidi ya kilomita 2,300 kusini, katika daraja ambalo Wachina wenyewe wanaliita "kiti kigumu".

Behewa lilijaa mpaka watu wakalala chini ya viti. Maganda ya mbegu za alizeti yalitanda sakafuni. Mhudumu alipita na birika kubwa la maji ya moto, akaruka miguu na mizigo, akammiminia kila mtu kwenye kikombe chake cha bati bila kumwaga tone, treni ikiyumba. Ustadi ule naukumbuka hadi leo.

Mzee aliyekaa mbele yangu, koti la bluu limefungwa mpaka shingoni, alinitazama muda mrefu. Kisha akanisogezea kikombe chake.

"Rafiki. Maji?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Asante sana, mzee," nikamjibu, na uso wake wote ukachangamka. Akanitajia maneno aliyobaki nayo: polepole, chuma, kesho, pole. Kiswahili kikamwishia hapo, tukaendelea kwa Kichina changu cha kubabaisha.

Alikuwa amechimba mahandaki ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia waliyoijenga Wachina, kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambako reli inaliacha bonde la Kilombero na kupanda milimani. Hakuna kipande kilichowatesa kama kile. Mimi ni mtoto wa Mbeya. Nilikuwa darasa la tatu reli ilipofika kwetu, tukatoroka shule kwenda kuwaangalia watu kama yeye wakitandika mataruma.

Kioo kilikuwa kimejaa mvuke. Akaandika kwa kidole herufi tatu: mu, lin, ba. Akauliza kama treni bado inasimama pale. Nikamwambia inasimama, mimi mwenyewe nilipita nikienda Dar kupanda ndege. Ilikuwa usiku, akina mama wakaja madirishani na ndizi na wali, vibatari mkononi. Alinisikiliza amefumba macho.

Kisha akanieleza habari za mwenzake waliyelala naye hema moja. Zaidi ya Wachina 60 walifia kwenye ujenzi ule, na huyo alikuwa mmoja wao. Akachana pakiti ya sigara, akaniandikia jina la huyo marehemu.

Tulipolifikia daraja la Yangtze pale Wuhan, behewa zima lilisimama kuutazama mto. Yeye alikuwa anafunga mizigo yake. Alishuka Wuchang, stesheni ya ng'ambo ya pili, akaniambia "kwaheri" mara mbili.

Niliporudi nyumbani mwaka 1991, nilikwenda kwenye makaburi ya Wachina Gongo la Mboto na kile kipande cha pakiti mkononi. Nikapita mstari kwa mstari, nikilinganisha herufi moja moja, jua linachoma. Nilipolipata lile jina nilichuchumaa, nikalipangusa vumbi kwa leso.