Mahame kwenye Karatasi

Iringa, Jumapili usiku

Nimerudi jioni hii kutoka kwa shangazi, upande wa magharibi wa Mafinga, na sitaki kulala kabla sijaandika yaliyotokea mezani kwake jana, kwa maana najua kwamba nikiyaacha hadi wiki ijayo nitakuwa nimeshayapanga upya kichwani na kuyaharibu. Nilikuwa nimetandaza mbele yake nakala ya ramani ya zamani ya bonde walikozaliwa yeye na marehemu baba. Shangazi hakwenda shule, na macho yake sasa yamefifia. Hata hivyo, baada ya kuniuliza jua linachomozea upande gani wa karatasi, aliigeuza mpaka mashariki ya ramani ikaelekeana na mashariki ya dirisha lake, akachota maharage kutoka kwenye ungo uliokuwa pembeni, akaanza kuyaweka moja moja juu ya nukta nyeusi nilizomwonyesha, akitaja kila mara ilikuwa nyumba ya nani.

Karatasi yenyewe ni mojawapo ya zile za kipimo cha 1:50,000, zilizotayarishwa kuelekea mwisho wa ukoloni na katika miaka ya mwanzo ya uhuru na wapimaji wa serikali ya Uingereza pamoja na idara ya upimaji ya Dar es Salaam. Nchi nzima iligawanywa katika miraba ya nusu digrii yenye namba, kisha kila mraba ukakatwa katika karatasi nne, ndiyo sababu namba ya karatasi huandikwa kwa alama ya mkwaju (/), ya mraba kwanza na ya robo baadaye. Kila karatasi hubeba eneo lenye upande wa kilomita 27 hivi, na sentimita mbili za ramani ni kilomita moja ya kutembea. Yangu ilichapwa miaka ya 1960 kutokana na picha zilizopigwa na ndege miaka kadhaa kabla ya hapo. Kontua zake, yaani mistari ya mwinuko, ni za futi, vijito ni vya buluu, njia za miguu ni mistari ya vipande vipande, pembetatu ndogo huonyesha mahali penye bikoni, yaani alama ya kudumu ya wapimaji, na nyumba za watu zimewekewa nukta.

Nukta hizo ndizo zilizonishika tangu siku niliyoipata. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Kwetu watu walihamishwa mwaka 1974. Kaya zilizokuwa zimetawanyika juu ya migongo ya vilima, kila moja na mashamba yake na makaburi yake, zilikusanywa kando ya barabara katika viwanja vilivyopangwa kwa mstari, na mimi nilizaliwa katika mstari huo nikidhani ndiko tulikokuwa siku zote. Baba aliposema “nyumbani” alikuwa akiashiria kwa kidevu upande wa milima, hakuongeza neno, na sisi watoto hatukumuuliza. Ramani hii, kwa hiyo, ni picha ya bonde kama lilivyokuwa miaka michache tu kabla ya kuhamwa, na iliyochorwa na watu ambao hawakujua kwamba wanachora kitu kilichokaribia kuondoka. Sijui hati nyingine yoyote ya serikali inayoonyesha nyumba ya bibi yangu.

Kabla ya kuipeleka kwa shangazi nilikaa nayo majuma mengi nikijifunza kuisoma, na jambo la kwanza ililonifundisha lilikuwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nikiamini kwamba wazee waliishi bondeni, karibu na maji, kwa kuwa hadithi zote za nyumbani zilihusu maji: vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya mboga na mahindi ya kiangazi, kijito kinachokwenda kuungana na mto Ndembera, watoto wakichota. Lakini nilipofuata kontua kwa ncha ya kalamu niliona kwamba hakuna hata nukta moja iliyo bondeni. Zote zimepangwa juu ya ulimi wa ardhi unaoteremka taratibu kuelekea kijito, yapata futi 100 juu ya kinamasi, ambacho kwenye ramani kimechorwa kwa vistari vya buluu. Mtu wa nyanda hizi anapaswa kuelewa sababu bila kuelezwa. Mwezi wa Juni na Julai hewa ya baridi huteremka usiku na kutuama chini, na alfajiri umande wa mabondeni huwa umeganda na kuunguza majani, wakati juu kwenye mgongo wa kilima mahindi na watu wamelala salama. Vinyungu vilikuwa chini na usingizi ulikuwa juu. Nilijisikia kama niliyeelezwa jambo hilo na babu mwenyewe, ambaye sikumkuta hai.

Nilijaribu pia kurudi nyuma zaidi, kwenye ramani za Wajerumani za kipimo cha 1:300,000 zilizohaririwa Berlin na Paul Sprigade na Max Moisel. Zimeshanunuliwa na maktaba nyingi za dunia na baadhi yake zinapatikana kwenye intaneti. Anayetaka kutafuta mahali pake ndani yake azoee kwanza tahajia yao, kwa kuwa walimwandika Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kuwa “Quawa” na ziwa Nyasa kuwa “Njassa”, na Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg. Nyumbani husemwa kwamba wazee wetu walihamia bonde lile baada ya ngome ya Mkwawa ya Kalenga kuangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na nilitumaini ningeona angalau jina la jumbe. Sikuona kitu, pale penye bonde letu pana weupe wa karatasi. Ramani zile ziliunganishwa kwa sehemu kubwa kutokana na madaftari ya safari, ya maofisa na wasafiri waliohesabu saa za mwendo na kusoma dira, kwa hiyo kando ya njia ya msafara kila kilima kina jina, na umbali wa nusu siku kutoka njiani hakuna chochote. Nimejilazimisha kukumbuka kwamba weupe huo unaeleza walikopita wao, hauelezi walikoishi watu.

Safari yangu ya kwanza ya kwenda kwenye mahame haya, makazi yaliyohamwa, ilikuwa Agosti, na ilishindwa. Nilisoma namba za gridi kwenye ramani, nikaziingiza katika simu, nikaifuata simu mpaka iliponiambia nimefika, na nilipofika nikajikuta nimesimama kwenye mteremko mkali usio na dalili yoyote ya makazi, kijito kikiwa mbali kuliko kilivyopaswa kuwa. Nilirudi nimevunjika moyo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ramani hizi zimefungwa kwenye msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati simu hutumia msingi mwingine, WGS84, na kwamba katika nchi yetu namba zilezile zikihamishwa bila kugeuzwa hukupeleka kaskazini mno, kwa zaidi ya mita 200. Kwa mtu anayetafuta wilaya hilo si kitu. Kwa mtu anayetafuta jiko la bibi yake, mita 200 ni kilima kingine. Siku hizi huiambia programu ya simu ni msingi upi wa kutumia kabla ya kuingiza namba yoyote, kisha nailinganisha na kitu kisichohama, makutano ya vijito viwili au bikoni juu ya kilima, ndipo naiamini.

Jana, basi, maharage. Katika kona tuliyokuwa tukiitazama ramani ina nukta 11. Shangazi aliweka maharage tisa bila kusita, akitaja mama mkubwa, baba mdogo, mjane fulani aliyekuwa mfinyanzi, na nyumba ya vijana ambako baba alilala alipoanza kuota ndevu. Nilikuwa nikiandika kwa haraka na bado sikuweza kumfikia. Nukta mbili alizikataa kabisa. Moja, alisema, haikuwa nyumba, bali banda la nyasi ambamo katekista alikuwa akifundisha. Nyingine alisema pale palikuwa na kihenge kikubwa cha mahindi, na kwamba aliyekiona kutoka angani na kukidhani nyumba hawezi kulaumiwa, kwa kuwa kilikuwa kikubwa kuliko nyumba ya mwenyewe. Halafu akachukua harage la kumi na kuliweka mahali pasipo na nukta, upande wa chini kidogo, na kusema, “Hapa ndipo kwa bibi yetu.”

Nilimwambia kwa heshima kwamba ramani haina nyumba hapo. Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwamba bibi yao, yaani mama yake babu yangu, alikataa mpaka mwisho kujengewa nyumba ya kuezekwa kwa nyasi, akabaki katika tembe lake la zamani lenye paa la udongo, na kwamba tembe hilo lilikuwa nyuma ya mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe. Sikuhitaji maelezo zaidi. Aliyechora ramani alikuwa amekaa mezani akitazama picha za ndege. Paa la nyasi katika uwanja uliofagiliwa huonekana, lakini paa la udongo lina rangi ya udongo, na mianzi iliyoinama juu yake humaliza kazi. Nyumba iliyokuwa kongwe kuliko zote ndiyo iliyoachwa, na imebaki duniani kwa sababu mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 70 bado anaikumbuka.

Leo asubuhi nilikwenda huko pamoja na mwanawe shangazi. Tulipokaribia, vijana wawili waliokuwa wakipalilia miche ya misindano walitusimamisha, na walipoiona ramani nyuso zao zikabadilika, kwa sababu katika upande huu mtu mwenye ramani mara nyingi ni mtu aliyekuja kupima ardhi kwa ajili ya mwenye fedha. Nilikaa nao chini, nikawaonyesha nukta, nikawaeleza ninachotafuta. Nataka niliandike hili waziwazi kwa ndugu zangu watakaosoma: nukta kwenye ramani inaonyesha kwamba palikuwa na nyumba, haionyeshi kwamba ardhi ni yetu leo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, na wanaolima pale wamelima kwa miaka 50. Sikwenda kudai. Nilikwenda kujua bibi alikuwa akiota jua upande gani wa kilima, na nisingependa utafiti huu utumike kuwaondoa watu wengine mahali pao, kama sisi tulivyoondolewa.

Wale vijana ndio waliotupeleka. Mianzi ipo. Imepanuka, imezeeka, na wanaigema kila masika bila kujua nani aliipanda. Shina jingi limekatwa ncha, na juu ya mojawapo palikuwa na mbeta, chombo cha kukingia ulanzi, ya msimu uliopita iliyosahauliwa ikining'inia. Nyuma yake, hatua kama 15, pana mwinuko wa udongo wenye pembe nne, mrefu kuliko upana, usioweza kuwa kichuguu. Jiwe la kusagia tulilikuta limefukiwa nusu, uso wake umelika katikati kama kiganja kilichokunjwa. Niliingiza mkono wangu humo. Hatukulisogeza.

Tuliporudi shangazi hakuuliza kama tulipaona. Aliuliza kama mianzi bado inatoa. Nilipomjibu alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimsomee majina yote yaliyoandikwa katika kona ile ya ramani. Ni machache. Kilima chenye bikoni kina jina, ila limeandikwa kwa “r” ambayo Mhehe wa kawaida haitamki, na alinisahihisha mara tatu mpaka nikalitamka ipasavyo. Mahali penye nyumba pameandikwa jina la mtu mmoja, jumbe wa wakati huo, kana kwamba bonde zima lilikuwa lake, wakati wenyewe walikuwa na jina tofauti kwa kila kona ya ulimi ule wa ardhi. Na vijito vinne vinavyoingia kwenye kinamasi havina majina kabisa, ni mistari ya buluu tu.

Shangazi alitaja jina la kile cha kwanza, kilichopita chini ya tembe, pamoja na maana yake, na nikaliandika kwa penseli kando ya mstari. Sitaliweka hapa, kwa kuwa makaburi yako jirani. Vilivyobaki alisema amechoka, na kwamba kimoja hana hakika nacho mpaka azungumze na mama mmoja wa kijiji cha pili aliyekuwa akichunga naye. Maharage nimeyazungushia duara la penseli kila moja kabla ya kuyarudisha kwenye ungo, kumi yote. Nitarudi Jumamosi, na tutampitia yule mama njiani.