Mzimu wa Melissa ndani ya vyumba vya Bagamoyo

Ukiwa na simu moja, taa tatu na nyumba ya mawe uliyoazimwa pale Mji Mkongwe Bagamoyo, filamu ya kutisha ya kujifunzia si zile za Marekani zilizojaa kompyuta. Itafute Operazione paura ya Mwitaliano Mario Bava, ya mwaka 1966. Fedha ziliisha kazi ikiwa katikati, na inasimuliwa kwamba waigizaji na mafundi waliimalizia bila kulipwa. Ukiitazama huioni njaa hiyo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwaka 1907 daktari Eswai anafika kijiji cha mbali kupasua maiti, maana watu wanakufa kwa namna zisizoeleweka. Anayewamaliza ni Melissa Graps, mtoto aliyevuja damu hadi akafa huku wanakijiji walevi wakishindwa hata kumsaidia. Anayemwona hana siku nyingi.

Akiba yote ya fedha imejificha kwenye sheria hiyo. Mtazamaji akishajua kwamba kumwona ndiko kufa, kiganja kikigusa dirisha kinatosha. Filamu zetu nyingi za mizimu hufanya kinyume: unga usoni, macho mekundu ya kompyuta, halafu mzimu anasimama sebuleni anaeleza alivyodhulumiwa shamba. Mzimu anayehutubia hatishi mtu. Mpe mhusika mmoja aitamke sheria mapema, bibi wa jirani kwa mfano, kisha mzimu asikae kwenye picha zaidi ya sekunde tatu kwa shoti. Na asiseme neno.

Melissa aliigizwa na mvulana, Valerio Valeri, aliyevalishwa gauni na wigi. Jicho linahisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini halijui ni kipi. Gharama yake ni wigi tu. Mpira wake mweupe unaodunda ndio hodi yake, ila huo mwachie Bava. Kwetu kokoto za mdako zinazogongana barazani usiku zitafanya kazi hiyohiyo vizuri zaidi. Sauti irekodi peke yake, ndani ya chumba chenye sakafu ya saruji na milango imefungwa, simu ikiwa umbali wa mkono mmoja. Ukiirekodi pamoja na picha utapata bodaboda na bahari.

Sasa lile tukio la chumba. Eswai anamkimbiza mtu, anatoka mlango mmoja na kujikuta ameingia chumba kilekile, mara nyingi mfululizo, wa mbele akizidi kukaribia. Anamkamata, anamgeuza: ni yeye mwenyewe. Hapo hakuna mitambo. Ni milango miwili, watu wawili na kukata picha mahali panapostahili.

Nyumba za zamani za Bagamoyo zinafaa kwa kazi hii, ila zina shida yake. Boriti za mikoko ndizo huamua upana wa chumba, kwa kawaida mita mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo chumba ni kirefu na chembamba, na huna pa kurudi nyuma. Usilazimishe. Weka kamera chumba cha pili, upige kupitia mlangoni. Ile fremu ya mlango ikionekana pembeni inasaidia kubana picha. Stendi ikishakaa, zungushia miguu yake utepe sakafuni. Funga fokasi, mwanga na waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga), vyote vitatu. Ukiuacha mwanga ujiamulie, mwenye nguo nyeusi akipita karibu na lenzi simu inaangaza chumba kizima, na ujanja umeshakufa.

Mashati mawili yanayofanana, mtu wa pili mwenye kimo kilekile na nywele zilezile. Shoti ya kwanza mwigizaji anavuka peke yake. Ya pili, wa mbele anatokomea mlangoni ndipo wa nyuma aingie. Ya tatu wapo wote, mita mbili kati yao, huyo wa mbele tukimwona mgongo tu. Ya nne ni urefu wa mkono. Kata pale kiganja kinapoangukia begani, kisha badilisha: mwigizaji halisi ndiye anageuka, na kiganja begani sasa ni cha yule wa pili.

Kinachoharibu tukio hili Bagamoyo ni jasho. Shoti ya kwanza shati kavu, ya nne mgongo umechora ramani, na wa pili aliyekuwa amepumzika kivulini bado mkavu. Lowesheni mashati yote mawili tangu mwanzo kwa chupa ya kupulizia, doa lilelile katikati ya mabega, na mrudie kabla ya kila shoti. Fagia pia, maana nyayo kwenye vumbi zitaonyesha umepita mara ngapi.

Dirisha. Mengi ya zamani yana nondo na mbao, hayana kioo, kwa hiyo nunua kipande cha milimita nne, sentimita 60 kwa 90, umwombe fundi asage kingo. Kikisimama wima kitakuonyesha wewe na kamera yako. Inamisha sehemu ya juu kidogo kuelekea kamera, ili kiakisi sakafu, na sakafu hiyo itandike kaniki. Kaniki nyingine itundikwe nyuma ya kamera. Taa zote ziwe upande wa mtoto anayeigiza mzimu, chini na pembeni. Upande wako giza.

Mvuke wa pumzi kwenye kioo hautokei kwa joto letu. Pitisha barafu, lakini eneo la ukubwa wa sahani tu, futa, kisha mtoto apumulie hapohapo. Ukipoza kioo kizima, hewa ya pwani itakifunika ukungu wote kabla hujasema "anza".

Kioo hichohicho ukikigeuza nyuzi 45 kinakupa mzimu anayepenya ukuta. London waliutumia ujanja huo jukwaani mwaka 1862. Mtoto anasimama pembeni, nje ya picha, kazungukwa na kaniki. Umbali wake hadi kwenye kioo uwe sawa na umbali wa mahali unapotaka aonekane nyuma ya kioo, la sivyo atakuwa mdogo au mkubwa kupita samani. Kioo cha kawaida kwa pembe hiyo kinarudisha takriban asilimia 10 tu ya mwanga, kwa hiyo mmulike sana na chumba kiwe hafifu. Atokee taratibu kwa kufunuliwa taa, si kwa kuiwasha ghafla.

Rangi zake Bava zinatisha kwa sababu hazina sababu: kijani ngazini, buluu dirishani. Funga waiti balansi kwenye kelvini 3200 na taa nyeupe ya LED ya 6500 itatoa buluu bure. Balbu ya zamani ya waya itabaki ya kawaida. Piga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu hiyo ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwenye 1/60 unaweza kuona mistari ukutani. Jenereta likizidiwa mzigo mistari inaweza kurudi, hivyo taa ya betri ni salama zaidi.

Moshi: chetezo, makaa machache, ubani. Makaa yawashwe nje yakolee ndipo yaingie, na milango ifunguliwe baada ya kila shoti, maana hewa ya makaa inaua bila harufu. Taa iwe nyuma ya moshi. Ukiumulika kwa mbele unapata shuka jeupe. Alasiri upepo wa bahari unaukomba wote, anzeni saa nne usiku.

Vibali ni Bodi ya Filamu, na kwa Kaole, yale magofu ya kale, lazima pia ruhusa ya wanaoyasimamia. Makaburi ya pale yaacheni. Wapo wanaofika kuomba dua. Kaburi la filamu lijengwe kwa plaiwudi ya milimita sita, lipakwe chokaa iliyochanganywa na mchanga, likikauka limwagiwe majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakaiva, kutoka juu kushuka, ili doa lifuate njia ya mvua.